Nyaya za spika katika nyumba ya tofali

Runinga ilipokuwa bado na mgongo mkubwa, nyaya hazikumsumbua mtu. Runinga ilikaa ndani ya kabati la sebuleni, lile refu lenye vioo, vikombe vya wageni na picha za harusi, juu yake kimetandazwa kitambaa cha kufuma. Deki, redio na spika mbili zilipangwa humohumo, na fungu zima la nyaya likajibanza kati ya kabati na ukuta, mahali pasipoonwa na mtu mpaka siku ya usafi wa Idi au Krismasi. Runinga bapa ilipopanda ukutani, kabati likaondolewa na fujo yote ikabaki hadharani. Halafu vyombo vikaongezeka. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, Kenya ikamaliza mwaka 2015, na kila nyumba ikahitaji king'amuzi chenye waya wa umeme, waya wa antena au dishi, na waya wa kwenda kwenye runinga. Sabufa ikaja na spika mbili. Baada yake zikaja seti za sinema ya nyumbani zenye spika tano na sabufa, mbili kati ya hizo zikitakiwa zikae upande wa pili wa chumba, mbali na kila kitu.

Swali la namna ya kuzificha nyaya hizo limezoea kuulizwa kama swali la mapambo: zulia lipi, kifuniko cha rangi gani, kabati la mtindo upi. Nadhani hapo ndipo wengi wanapopotea. Katika nyumba zetu jambo la kufichwa ni njia ya waya, na njia hiyo ina wakati wake katika ujenzi. Anayeuwahi wakati huo hulipia mabomba machache ya plastiki. Aliyeukosa anazo njia nyingine, na baadhi ni nzuri kuliko sifa zake, ila inabidi ajue anachokubali kupoteza.

Ushauri unaopatikana kirahisi juu ya jambo hili unatoka Marekani, na huko una mantiki. Nyumba nyingi za kule zina kuta za ndani zilizotengenezwa kwa miimo ya mbao iliyopishana inchi 16, ikafunikwa kwa bodi za jipsam pande zote mbili. Katikati ni wazi. Fundi anatoboa tundu juu, anatoboa jingine chini, anashusha waya, anaondoka. Kanuni zao za umeme zina hata madaraja ya nyaya zinazoruhusiwa kupita humo, CL2 na CL3, ambazo ganda lake limepimwa lisieneze moto ndani ya ukuta. Uchukue ushauri huo mpaka Mbagala, Nyegezi au Kitengela, nawe unakutana na tofali la saruji la inchi sita, au jiwe la kuchonga la Ndarugo. Ukienda Iringa ni tofali la kuchoma. Hapana uwazi wa kushushia kitu. Kuficha waya humo ni kutindua, na aliyewahi kutinduliwa nyumba aliyokwisha hamia anajua kinachofuata: vumbi mpaka ndani ya sufuria, lipu mpya, skimu mpya, na rangi isiyofanana na ile ya mwanzo hata ikinunuliwa kwenye duka lilelile.

Kabla ya ukuta, waya wenyewe. Waya wa spika haubebi volti 230 kama waya wa soketi. Amplifaya inayotoa wati 100 kwenye spika ya ohm 8 inapeleka takriban volti 28 na ampea tatu na nusu, tena kwenye mshindo tu. Mazungumzo ya kawaida ya filamu yanatumia wati chache mno. Ndiyo maana mwenye nyumba anaweza kuufunga mwenyewe, wakati soketi mpya ni kazi ya fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya. Lakini udogo huo wa volti una gharama yake. Spika ina ohm chache, kwa hiyo hata nusu ya ohm iliyomo ndani ya waya inahesabika. Kanuni ya wafungaji wengi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ohm za spika. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina ohm 12.1 kwa kilomita. Kwa hesabu hiyo inafaa mpaka mita 16 hivi kwa spika ya ohm 8, na mita 8 tu kwa spika ya ohm 4. Ya milimita za mraba 2.5 inafika mita 27 kwa ile ya kwanza na 13 kwa ya pili.

Sasa angalia seti za boksi. Spika zake mara nyingi ni za ohm 3 au 4, na nyaya zinazokuja nazo ni nyembamba, nusu milimita ya mraba au pungufu. Zikikatiza sakafuni mita tatu hazina neno. Zikifichwa, zinazunguka: zinapanda mpaka darini, zinapita juu, zinashuka nyuma ya kochi, na zile mita tatu zinageuka kumi na mbili. Kwa urefu huo waya wa nusu milimita una karibu ohm 0.9, zaidi ya moja ya tano ya ohm za spika yenyewe. Fundi anayepima kwa hatua kutoka runinga mpaka kwenye kochi, kisha akaenda dukani na urefu huo, amekosea mara mbili, kwenye urefu na kwenye unene.

Dukani kuna mtego mwingine. Kariakoo au Luthuli Avenue utaoneshwa waya mnene wenye ganda la kuonyesha ndani, unaometa wekundu wa kupendeza, kwa bei inayopendeza zaidi. Sehemu kubwa ya nyaya hizo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwenye lebo huandikwa CCA, pale mwenye mali alipoona haja ya kuandika. Inapitisha umeme takriban theluthi mbili ya inavyopitisha shaba, kwa hiyo waya wa 2.5 unafanya kazi ya 1.5. Hilo linavumilika mtu akilijua na kuongeza unene. Lisilovumilika ni kuuzika. Alumini hukatika kwenye kona ikikunjwa mara chache, hupata kutu nyeupe kwenye maungio, na haipatani na saruji mbichi, ambayo huila palipo na mkwaruzo. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, umepata jibu. Koili nayo, ukiinyanyua, inakuwa nyepesi mno kwa unene wake. Tahadhari tu usikatae shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe kwa nje na nyekundu kwa ndani. Hiyo ni nzuri, na kwa Tanga, Mombasa au Unguja ni bora kuliko shaba tupu, kwa kuwa bati huikinga na ule ukijani unaoletwa na hewa ya chumvi.

Tukirudi kwenye ukuta, wakati wa kufanya kazi hii ni mfupi na unajulikana. Paa limeezekwa, fundi umeme ametindua kwa ajili ya swichi na soketi, lipu haijapigwa. Katika nyumba nyingi majuma hayo yanaamuliwa na mafundi wawili, wa umeme na wa lipu, mwenye mali akiwa kazini anatafuta hela ya mabati ya kibaraza. Hakuna mchoro unaoonyesha runinga itakaa wapi. Soketi moja inawekwa kila ukuta, kimo cha magoti, na maisha yanaendelea. Anayetaka sinema nyumbani aende site juma hilo akiwa na chaki. Achore runinga ukutani kwa ukubwa wake, achore kabati dogo la vyombo chini yake au pembeni, achore kochi sakafuni, kisha aweke alama ya kila spika. Bomba litoke kwenye kabati la vyombo liende kwenye kila alama. Risiva, yaani kile chombo chenye amplifaya, haina haja ya kuwa karibu na spika. Inatakiwa kuwa karibu na soketi na mahali penye hewa.

Bomba la plastiki la umeme la milimita 20 linatosha waya mmoja wa spika, la 25 linachukua mbili kwa raha. Njia ya kati ya runinga na kabati ndiyo isifanyiwe ubahili, kwa sababu ndiyo itakayobadilika. Kichwa cha waya wa HDMI kina upana wa takriban sentimita 2, na hakikatwi kikaungwa upya kama waya wa spika. Katika bomba la milimita 25 kinaweza kupita palipo nyooka na kikagoma kwenye kona. Mafundi wenye akili huweka hapo bomba la maji machafu la inchi moja na nusu au mbili, na hawajakosea. HDMI inayobeba picha ya 4K kwa kasi kamili huanza kusumbua ikipita mita tano hivi ikiwa ni ya shaba ya kawaida. Kwa projekta iliyo upande wa pili wa chumba utahitaji ile yenye nyuzi za kioo, ambayo ina mwanzo na mwisho: upande mmoja umeandikwa chanzo, mwingine skrini. Ikishavutwa kinyumenyume ndani ya ukuta, haifanyi kazi mpaka itolewe yote. Likiwepo bomba pana, hiyo ni kazi ya nusu saa.

Juu ya kutindua kwenyewe, mapokeo ya Uingereza yaliyorithiwa na ujenzi wetu yana vipimo viwili ninavyovipenda kwa wepesi wake. Mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta. Wa mlalo usizidi moja ya sita. Kwa tofali la milimita 150 hiyo ni milimita 50 kwa wima na 25 kwa mlalo. Maana yake bomba la milimita 25 lililolazwa ukutani tayari limefika mpaka, na likitakiwa kufunikwa vizuri limeupita, na kwa tofali lenye matundu mambo ni mabaya zaidi. Kwa hiyo njia ya mlalo ipite sakafuni kabla ya kumwaga zege la juu, au ipite darini. Ukutani ziwe za kupanda na kushuka tu. Inasaidia hata baadaye: mtu akija kutoboa tundu la picha atajua kwamba waya unapita wima juu au chini ya kiboksi anachokiona, na haukatizi kwa mshazari mahali asipopategemea.

Nyumba ya ghorofa ina wakati mwingine wa mapema zaidi. Mabomba ya dari ya chini yanalazwa juu ya mbao za kumwagia zege, kati ya nondo, na zege likishamwagwa habari imekwisha.

Mambo mawili madogo huharibu kazi nzuri. La kwanza ni kona. Kona za bomba la maji ni kali, waya hauvutiki. Itumike ile yenye mzunguko mpana, na zisizidi mbili kati ya kiboksi na kiboksi. La pili ni fundi lipu, ambaye atajaza lipu ndani ya kila mdomo wa bomba ulioachwa wazi, bila nia mbaya yoyote. Midomo izibwe kwa karatasi au kizibo, na ndani iachwe kamba ya nailoni ya kuvutia. Nyaya zenyewe zivutwe mwisho, rangi ikishakauka. Sioni sababu ya kununua waya wa spika wakati nyumba haina milango.

Hapa linakuja suala la kuchanganya nyaya na umeme, ambalo limepewa sababu isiyo sahihi. Fundi akiambiwa waya wa spika usipite bomba moja na umeme, hujibu kwamba amefanya hivyo nyumba nyingi na spika haziungurumi. Kuhusu muungurumo ana haki kwa kiasi kikubwa. Waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika una nguvu na ukinzani mdogo kiasi kwamba mtetemo wa umeme wa hezi 50 haupati pa kushika. Kosa lake liko kwenye usalama. Ganda la waya wa spika halikutengenezwa kwa volti 230. Waya wa umeme ukichubuka humo ndani wakati wa kuvutwa, volti hizo zitafika kwenye amplifaya, na kutoka hapo kwenye kila chuma ambacho mtoto anaweza kukishika. Mabomba yawe mawili, viboksi viwe viwili, na palipo lazima kupishana zipishane kwa msalaba. Muungurumo wa kweli unatoka kwingine: kwenye ule waya mwembamba wa RCA unaokwenda kwenye sabufa yenye amplifaya yake ndani. Huo unabeba volti ndogo sana ambazo bado hazijakuzwa, na kila kelele inayoingia humo inakuzwa pamoja nazo. Ukiwa na bajeti ya kutenganisha njia moja tu kwa umbali mkubwa, iwe hiyo, na sabufa ichomekwe kwenye soketi ya upande mmoja na risiva.

Aliyepitwa na lipu ana nafasi ya pili, na katika nchi yetu nafasi hiyo ni kubwa kuliko inavyosemwa. Watu wengi wanahamia nyumba ikiwa haina dari. Wanalala chini ya bati mwaka, miaka mitatu, mpaka fedha ya jipsam ipatikane. Siku fundi wa dari anapopiga blandaringi, juu ya sebule yote ni wazi, na waya unaweza kwenda popote. Kinachobaki ni kushuka. Kila spika inahitaji mfereji mmoja wa wima, mita moja na nusu mpaka mbili, na mifereji hiyo michache inawezekana kuzibwa na kupakwa rangi upya bila kuichafua nyumba nzima. Nyaya zifungwe kwenye mbao, zisilazwe juu ya bodi wala zisigusishwe bati. Ganda la plastiki la kawaida limepimwa kwa nyuzi 70, na bati la saa nane mchana wa Februari halichezewi.

Dari ya jipsam inamtamanisha mtu aende mbali zaidi, aingize spika zenyewe darini na kufuta kila kitu machoni. Tangu Dolby Atmos iingie majumbani mwaka 2014, mtindo huo umepata hoja ya kiufundi, maana Atmos ina sauti zinazotakiwa kutoka juu kweli. Lakini katika nyumba nyingi kuta za ndani zinaishia usawa wa dari. Juu yake, kutoka sebuleni mpaka chumba cha mwisho, ni uwazi mmoja chini ya paa. Spika ya dari iliyo wazi mgongoni inatoa sauti chini kwa wanaotazama na sauti karibu ileile juu, inayoshukia chumbani kwa bibi. Spika hizo zinatakiwa ziwe na boksi nyuma, au juu yake kijengwe kichumba cha jipsam. Na mvua ya masika ikianza juu ya bati, Atmos na redio ya mkulima zinakuwa sawa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu zina kanuni zake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, kutindua kunalegeza mawe badala ya kuacha mfereji safi, na saruji ya kuziba haipatani na chokaa ya zamani. Katika Mji Mkongwe kuna mamlaka ya uhifadhi inayotoa idhini ya kazi za namna hiyo. Waya hapo upite juu ya ukuta, kandokando ya boriti, na uonekane. Boriti zenyewe zinaonekana, na wageni wanalipa kuziona.

Lakini wengi wanaosoma hapa ni wapangaji, na mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita hatatindua ukuta wa mtu. Kwake kuna trankingi, ile mifereji ya plastiki yenye kifuniko, ambayo imedharauliwa kwa sababu hufungwa vibaya. Ikikatizwa katikati ya ukuta kwa mshazari, nyeupe juu ya rangi ya krimu, inachukiza kuliko waya. Ikilazwa juu kabisa ya skatingi, ikakatwa kona zake kwa nyuzi 45 na kupakwa rangi ya ukuta, jicho huiona mara ya kwanza tu. Gundi ya karatasi inayokuja nayo hushika kwenye rangi ya mafuta na hubanduka kwenye rangi ya maji, hasa palipo na unyevu. Visumari au skrubu ndogo kila nusu mita ndiyo dawa, na mwenye nyumba ataona vitundu vichache atakavyoziba kwa skimu. Upo pia waya bapa wenye gundi mgongoni, unaobandikwa ukutani na kupakwa rangi. Kwa ukuta laini uliopigwa skimu unafaa sana. Kwa lipu ya mchanga unaonekana kila mwanga wa dirisha unapoupiga kwa ubavu.

Zulia ni jibu la haraka, nalo halina ubaya pale linapofunika sakafu kutoka ukuta mpaka ukuta. Ubaya ni kapeti la katikati ya chumba: waya unakanyagwa palepale kila siku, miguu ya meza inakaa juu yake, na siku ya kudeki zulia linakunjwa pamoja na waya. Mlango nao ni tatizo peke yake. Watu wengi hupitisha waya chini ya mlango kwa sababu ndiyo njia fupi, na ndiko unakokatika. Kuupandisha kuzunguka fremu kunaongeza mita tano. Hizo mita tano ziingizwe kwenye hesabu ya unene niliyoitaja.

Kwa hayo yote muuzaji ana jibu moja: nunua zisizo na waya. Jibu hilo linauzwa kwa nguvu, na nusu yake ni kweli. Spika ya nyuma ya namna hiyo inapokea sauti kwa redio, lakini ndani yake mna amplifaya, na amplifaya inataka umeme. Kwa hiyo umeondoa waya wa volti chache ambao ungeweza kuufunga mwenyewe, ukaweka mahali pake waya wa volti 230 kwa kila spika, na mara nyingi nyuma ya kochi hakuna soketi. Kinachofuata ni ekstensheni inayokatiza sebule, yaani waya mnene kuliko uliofukuzwa. Baadhi ya watengenezaji hutoa kiboksi kimoja cha kupokea kinachochomekwa nyuma ya chumba, kisha nyaya fupi zinakwenda kwenye spika mbili za nyuma. Huo ni mpango wa busara, na kwa nyumba iliyokwisha malizika ningeutazama kwanza. Inafaa tu kuutofautisha na Bluetooth ya kawaida. Bluetooth huchelewesha sauti sehemu ya kumi mpaka ya tano ya sekunde, na ucheleweshaji huo haumsumbui anayesikiliza taarabu, ila spika ya nyuma inayochelewa kuliko ya mbele inaivuruga filamu nzima. Seti zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zina redio yake yenyewe, na spika ya kampuni hii haitazungumza na risiva ya kampuni ile. Ikiharibika moja baada ya miaka mitano na mtindo umekwisha sokoni, seti yote imekwenda. Waya wa shaba hauna tabia hiyo.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo kwangu ndilo zito: kuficha waya kunaamua spika zikae wapi, na kwa kawaida kunaamua vibaya. Kipimo cha kimataifa cha mpango wa spika tano, ITU-R BS.775, kinataka mbili za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande wa mtazamaji, na za mzunguko ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni na nyuma kidogo. Ingia sebule yoyote ambayo fundi ameficha nyaya: spika za nyuma ziko kwenye pembe za chumba, juu, zimegusana na dari, kwa sababu ndiko trankingi ilikofika kwa urahisi. Zote mbili za mbele zimebanwa kando ya runinga, sentimita chache tu, kwa sababu hapo ndipo waya hauonekani. Sauti inakuwa ya runinga yenye kelele zaidi. Bora waya uonekane nusu mita na spika iwe mahali pake.

Sebule zetu zina ugumu wa ziada ambao michoro ya vitabu vya vifaa haiujui. Makochi yamepangwa kuzunguka kuta, meza katikati, ili watu watazamane na wageni wapate pa kukaa. Anayekaa kwenye kochi la nyuma kichwa chake kiko sentimita chache kutoka ukutani. Hana nyuma. Spika za mzunguko kwa mtu huyo ziwe kwenye kuta za pembeni, juu kidogo ya masikio yake, zikimtazama. Nyuma yake hapana kitu cha kufanya. Na mwenye kochi la pembeni atakuwa amelaliwa sikioni na spika moja kwa filamu nzima. Katika chumba cha namna hiyo, kwa maoni yangu, spika mbili nzuri na sabufa, zilizopangwa mbele kwa umbali unaofaa, zinashinda tano zilizotawanywa ili mradi tano. Tena nyaya zote zinabaki ukuta mmoja, na tatizo la kuficha linapungua mpaka mita chache. Muuzaji hatasema hivyo. Anayejenga chumba maalumu cha sinema, chenye makochi katikati na nafasi nyuma yake, huyo aweke mabomba ya zote tano, na ya dari pia, hata kama kwa sasa ana fedha ya mbili.

Yamebaki mambo ya mikono. Usiunge waya ndani ya ukuta wala darini. Kiungo kiwe ndani ya kiboksi kinachofunguka, maana kiungo ndicho kinachokufa kwanza. Panya hutafuna ganda la plastiki darini, na bomba huwazuia kuliko sumu. Kila waya uandikwe lebo ncha zote mbili kabla haujavutwa. Ukishavutwa bila lebo, betri ndogo ya volti 1.5 inasaidia: gusisha ncha mbili kwenye betri kwa nukta moja, mwenzako akiwa anatazama spika. Itakayochakarika ndiyo yenyewe, na koni yake ikiruka kwenda mbele, chanya ya betri iko kwenye waya chanya. Kipimo hicho kifanywe kwa kila spika hata kama rangi za nyaya zinaeleweka, kwa sababu moja ikifungwa kinyume na mwenzake besi hutoweka, na watu wengi huishia kununua sabufa kubwa zaidi kutibu kosa la nyaya mbili zilizobadilishana.

Na kabla lipu haijapigwa, simama katikati ya chumba upige picha ya kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imefunguliwa kando ya kila mfereji ili vipimo vionekane. Mtumie mkeo au mumeo nakala, kwa sababu simu iliyopiga picha hizo haitakuwepo siku ya kutoboa ukuta kwa ajili ya kiyoyozi.